Mpira Ulitoka Porini Kwetu, Ukarudi na Namba Pembeni



Pita jioni kwa kwado yeyote wa Kasuku ama Mikelenge, utakuta vijana wanabishana juu ya tairi za moto. Mmoja anataka ile pana, laini, yenye mistari myembamba kama za mashindano ya kwenye televisheni: "Hii inashika, ndugu!" Mwingine anataka ile yenye meno makubwa. Wa tatu anauliza bei tu. Tusiwacheke. Swali lao, yaani tairi gani inafaa kwa mtu anayeendesha kwa nguvu ndani ya mji, watengenezaji wa tairi wanajiuliza tangu zaidi ya miaka 130. Na katika historia ya jibu lake, Congo yetu ilikuwapo tangu mwanzo, upande wa wale waliolipa.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma mekanika. Lakini tairi lilianza kama maziwa ya mmea, na Kiswahili chetu hakijasahau: maziwa yale yakikauka tunaita mpira, gurudumu la moto tunaita mpira, kile watoto wanachopiga uwanjani pia mpira. Kwa hiyo mtu wa kilimo ana haki ya kusema kidogo.

1. Sifa ya kwanza haikuwa kushika

Mpira mbichi ni kitu kisumbufu. Jua likiwaka unalainika na kunata, baridi ikija unakauka na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na kiberiti cha unga na kuupasha moto, unatulia: unanyooka, unarudi, hauyeyuki ovyo. Bila ugunduzi ule hakuna tairi.

Miaka ya 1840 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, akaandikisha gurudumu lenye hewa ndani. Likasahaulika, kwa sababu baisikeli ya kulihitaji haikuwa bado. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akaandikisha la kwake. Alilitengeneza kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, iliyokuwa inamtikisa sana juu ya mawe ya mji. Ndiyo, daktari wa ng'ombe. Mtu wa kilimo asione haya kuongea juu ya tairi.

Lakini tairi la Dunlop lilikuwa na shida moja: lilibandikwa kwa gundi. Likitoboka, kazi ya kulibandua, kuliziba na kungojea gundi ikauke ilichukua saa nyingi. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand huko Ufaransa, André na Édouard Michelin, wakatengeneza tairi la kuvuliwa. Mwaka 1891 Charles Terront akashinda mbio za baisikeli za Paris–Brest–Paris, karibu kilomita 1,200, juu ya tairi la namna hiyo.

Tushike jambo hili, litatusaidia mbele. Sifa ya kwanza iliyomletea tairi la mashindano ushindi mkubwa haikuwa kushika barabara wala kukimbia. Ilikuwa kuzibwa haraka. Kwado wa leo kule sokoni, na kompresa yake na gundi yake, anafanya kazi ileile iliyoamua mbio za 1891.

2. Bei iliyolipwa huku

Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baisikeli, halafu gari. Kila gurudumu lilitaka mpira, na wakati ule mpira mwingi ulitoka porini: kwa miti ya Amazonia, na kwa mitambaa ya misitu ya Afrika. Tangu 1885 Congo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1890 mpira uliotoka Congo haukufika tani 200. Mwaka 1901 ulikaribia tani 6,000.

Hapa agronomia inaeleza jambo ambalo vitabu vya historia vinalipita haraka. Hevea ni mti unaoweza kupandwa mstari kwa mstari. Unauchanja ngozi kidogo kidogo, unakinga maziwa, na mti unaendelea kuishi miaka mingi. Mpira wa Congo ulitoka hasa kwa Landolphia, mtambaa unaopanda juu ya miti mingine, umetawanyika porini bila mpango. Mtu akidaiwa kilo kadhaa kila baada ya siku chache, hana muda wa kuchanja kwa upole. Anakata mtambaa mzima. Mwezi unaofuata anatembea mbali zaidi, na kilo zinazodaiwa ni zilezile. Yaani ule mfumo ulikuwa unakula mbegu yake. Kadiri mmea ulivyopungua porini, ndivyo fimbo ilivyozidi kijijini.

Wanawake walifungwa mpaka waume walete mpira. Watu walipigwa fimbo ya kiboko, waliuawa, walikatwa mikono. Mabaya yaliyoandikwa zaidi ni ya upande wa Équateur, katika eneo la kampuni iliyoitwa ABIR. Huko ndiko mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alipompiga picha Nsala wa Wala, ameketi akiangalia mguu na mkono wa binti yake. Mwaka huohuo ikatoka ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza. Kelele zikazidi, na mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua koloni kutoka mikononi mwa mfalme wake.

Maniema yetu ilikuwa na hadithi yake tofauti: pembe za ndovu, Nyangwe na Kasongo, wakati wa Tippu Tip na wenzake. Majeshi ya Léopold yaliteka miji ile miwili mwaka 1893. Yaliyobaki kwetu ni Kiswahili hiki ninachoandika na mchele tunaokula. Lakini dola iliyoingia kwa nguvu zile ilikuwa dola ileile ya mpira, na barabara zake, reli zake na vituo vyake vilipangwa kwa ajili ya kutoa mali nje.

Mpira wa porini haukudumu sokoni. Tangu 1876, Mwingereza Henry Wickham alikuwa ametoa Brazil mbegu kama 70,000 za hevea. Chini ya 3,000 ziliota katika bustani ya Kew, London, na miche ikapelekwa Asia. Miaka ya 1913 na 1914 mpira wa mashamba ya Asia ukapita ule wa porini duniani. Mtambaa wetu ukapumzika.

Ukapumzika mpaka 1942. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia, nchi zilizopigana nayo zikapoteza karibu mpira wao wote. Serikali ya Congo Belge ikaongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kutafuta mpira, wakati wazee walikuwa bado wanakumbuka mara ya kwanza. Ukimsikia muzee anasema "effort de guerre" kwa sauti nzito, sehemu ya uzito ule ni tairi za malori na ndege za vita.

3. Mji wa reli

Sasa tuje Kindu, kwa sababu tairi haichaguliwi hewani, inachaguliwa kwa njia.

Kampuni ya CFL ilianzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, yuleyule wa metro ya Paris. Mpango wake ulikuwa kutumia mto pale unapopitika na kuweka reli pale maji yanapokataa. Kutoka Kindu kwenda Kongolo, kilomita 355, mto una maporomoko. Reli ikawekwa, na kufikia 1911 ilikuwa inafanya kazi. Kwa muda mrefu mji wetu uliandikwa kwenye karata Kindu-Port-Empain. Jina linasema yote: bandari na reli. Gari halikuwa katika mpango.

Kwa hiyo, wakati miji ya Ulaya ilipokuwa inatandika lami na kutengeneza tairi ya kufuata lami, sisi tulibaki na mto, reli na njia za udongo. Mwaka 1946 Michelin akaandikisha tairi la radiali, ambalo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Likaingia sokoni 1949, na gari likatulia zaidi kwenye kona za mwendo mkali. Mwaka 1971 magari ya Formula 1 yakaanza kukimbia na tairi zisizo na mistari hata mmoja, mpira mtupu uliobandikwa juu ya lami kavu. Mwaka 1992 ikatoka tairi yenye silika ndani yake, inayoshika lami yenye maji huku ikipunguza mafuta yanayoliwa. Kila hatua ilipimwa kwa lami. Njia ya Kindu kwenda Kalima haikuitwa kutoa ushahidi.

4. Kushika kunalipwa kwa kuisha

Nini kinafanya tairi liitwe la spoti? Kwanza ulaini. Mpira laini unaingia katika vitundu vidogo vya lami na kuvishikilia. Unapobanwa na kuachiwa haurudishi nguvu yote. Nyingine inageuka joto, na upotevu ule ndio sehemu ya kushika. Ndiyo maana tairi za mashindano zinapashwa moto kabla. Lakini mpira laini unaisha upesi. Mgumu unadumu lakini unateleza mapema. Wahandisi wanaweza kusogeza mpaka huo kwa silika na kwa kuchanganya mpira wa miti na wa viwandani, hawawezi kuufuta.

Kwa tairi za gari, Marekani inaagiza namba iandikwe pembeni kuonyesha uvumilivu: tairi la namba 400 linatazamiwa kudumu kuliko la 200 la mtengenezaji huyohuyo. Ukiona namba ndogo, ujue umenunua kushika na umeuza maisha. Kwa mtu wa jiji la lami anayependa mwendo, hilo ni chaguo la akili. Anajua anacholipa.

Lakini historia ya huku kwetu mashariki ina mashindano mengine ya kutufundisha. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya murram, mawe na matope kama yetu. Mwaka 1968 mvua iliponyesha kweli, magari 93 yaliondoka na 7 tu ndiyo yalimaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo mababa zetu walilijua kama la familia na la teksi. Katika njia ile, aliyemaliza ndiye aliyeshinda.

5. Tairi gani kwa Kindu?

Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokata njia na treni, kinga ndiyo iliyobeba Maniema: mafuta ya mawese, mchele, chumvi, mtu anasukuma kwa miguu siku nyingi. Baadaye moto ikachukua nafasi. Leo moto ndiyo teksi, ndiyo lori, mara nyingi ndiyo ambulansi. Hii ndiyo "kuendesha kwa nguvu" yetu. Mwendo si mkubwa. Mzigo ni mkubwa, na ardhi ni mbaya.

Tuanze na ardhi. Udongo wetu mwekundu una udongo mfinyanzi mwingi na chuma. Ukiwa mkavu unakuwa mgumu, una changarawe ndogo juu yake zinazobingirika kama shanga. Ukilowa, juu panakuwa na utando mwembamba kama sabuni. Tairi la spoti lenye mistari myembamba, mistari yake inajaa tope kwa mizunguko michache tu. Baada ya hapo ni kipara, hata kama umelinunua jana. Linalohitajika ni meno yenye nafasi kati yake, ili tope lirushwe nje gurudumu linapozunguka.

Lakini usikimbilie meno marefu kabisa ya porini. Juu ya vipande vya lami tulivyo navyo mjini, meno marefu yanalegea, mpira unaogusa chini ni kidogo, na breki inachukua nafasi ndefu, zaidi mvua ikinyesha. Kwa anayezunguka mjini na kutoka nje mara kwa mara, chaguo ni meno ya wastani, yaliyokaribiana katikati na kuachana pembeni. Anayefanya Kalima kila wiki atafute makubwa zaidi. Asiyetoka lami, na wako wachache kwetu, huyo ndiye anayeweza kufikiria mistari ya spoti.

Halafu soma pembeni. Sisi tulisoma miaka yote hii, tusishindwe na maandishi ya tairi. Tuseme imeandikwa 3.00-18 52P TT. Ile 3.00 ni upana kwa inchi, 18 ni kipenyo cha janti, TT maana yake linataka shambre ndani. P ni mwendo: mwisho kilomita 150 kwa saa. Nani anafika 150 hapa? Herufi hiyo haitusumbui. Angalia 52: hiyo ni namba ya mzigo, na maana yake tairi limepimwa kubeba kilo 200. Sasa hesabu: dereva kilo 65, wateja wawili 130, mfuko wa mchele 50, moto yenyewe zaidi ya 100. Jumla inapita kilo 340, na sehemu kubwa inaangukia gurudumu la nyuma. Umefika mpakani ama umeuvuka, na bado hujakutana na shimo. Kati ya tairi mbili za bei moja, ile yenye namba kubwa ya mzigo ina faida kwetu kuliko ile yenye herufi kubwa ya mwendo.

Tafuta pia tarakimu nne peke yake, mara nyingi karibu na herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata bila kutembea. Jua na hewa vinaukausha, unapata nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino. Tairi iliyoning'inia juani mbele ya duka miaka 6 inaweza kung'aa kwa mafuta waliyoipaka na bado ikawa ya kizee. Angalia mshale wa mwelekeo, usifunge kinyume. Angalia vijiti vidogo ndani ya mifereji: meno yakishuka mpaka usawa wa vile vijiti, tairi limekwisha, hata kama kwado anakuambia "bado inasukuma".

Na la mwisho, la mbele. Wengi wanaweka tairi mpya nyuma na kuacha kipara mbele, kwa sababu nyuma ndiko kunakosukuma. Lakini ukikamata breki, uzito wote unakimbilia mbele. Nyuma ikiteleza, dereva anaweza kurekebisha. Mbele ikiteleza, wote watatu wako chini, na yule mama wa katikati mwenye mtoto mgongoni hana cha kushika.

6. Kwa nini nimeandika haya kwa wasomi

Kwa sababu wamotari wengi wa mji huu ni wenzetu. Wako walio na diploma za serikali, wako wenye licence, wanangojea kazi na wakati huo wanalisha familia kwa moto. Mwenye moto, anayedai pesa yake ya kila siku, ndiye mara nyingi anayechagua tairi, na anachagua kwa bei. Anayepanda juu yake hana sauti. Katika mpira wa Congo jambo hili ni la zamani: anayepanga hesabu yuko mbali na anayeumia.

Tofauti ni kwamba watu wa 1901 hawakuwa na njia ya kukataa. Sisi tunayo kidogo. Tunaweza kumfundisha kaka motari kusoma 52 na 2319. Tunaweza kumwambia mwenye moto, kwa heshima, kwamba tairi ya mbele si anasa. Na kesho, kabla ya kuuliza bei ya kozi mpaka bandarini, tuiname kidogo tuangalie meno ya ile ya mbele. Ikiwa kipara, tungoje moto nyingine.